Somo ya Radi Ulininyima

Beni, tarehe 8 mwezi wa kumi 2000

Kwa Baba mudogo Siméon,

Nakusalimia wewe na mama mudogo na batoto bote. Sisi huku Beni tunapumua. Joto ni ile ile, vumbi ya makamyo inaingia mupaka mu chumvi. Kakao imeiva lakini batu banaogopa kufika mu mashamba, juu ya basoda na juu ya bale bengine benye hatujue ni ba nani. Mama alikuwa na malaria juma mbili, sasa anakula. Hii barua inakuya na Blaise, dreva wa kamyo ya maharagi. Ukiandika jibu, umupe mu mukono yake mwenyewe, kijana wake anapoteza bitu.

Niko na maneno mbili.

Ya kwanza ni ya kuchekesha. Mwalimu wa physique wa masomo yetu alikimbilia Uganda, donc bamenipa mimi ile cours, mu mwaka ya kwanza ya secondaire, mimi mwenye nilisomea kufundisha batoto badogo kuhesabu bijiti. Hakuna kitabu, hakuna laboratoire, kuko tableau moja ya chaki yenye risasi ilitoboa. Banafunzi makumi ine na mbili. Nikawaza: mu jamaa yetu kuko mutu mwenye anafundisha physique miaka makumi mbili ku Butembo bila kitu mu mukono, na batu banamusifu. Niambie nianze na nini.

Ya pili haichekeshe. Unajua vile mama alinifikia mu mwezi wa tano: miguu peku, na kikwembe moja, nyuma ya batu ya avenue yabo ku Butembo kubomoa nyumba yake na kukata ndizi yake, juu balisema yeye njo alituma ile radi iliua jirani Zorobabel mu kyaghanda, ile nyumba ya moto ya banaume. Sikukuuliza mingi ile wakati. Lakini sasa kila asubui anauliza kama barabara iko wazi. Anataka kurudi ku shamba yenye marehemu papa Ananie alimuachia. Wewe ni ndugu ya papa. Kila mangaribi unaikala mu kyaghanda na bazee, munaota moto na kukata maneno ya avenue. Anaweza kurudi? Unijibu hii mbele ya physique.

Mutoto wako,
Florentine


Butembo, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2000

Mutoto wangu Florentine,

Barua yako ilifika na harufu ya mazuti ya kamyo, mais ilifika. Tuko bazima. Hapa ni baridi na ukungu, muji imejaa basoda bapya, na sisi hatuulize banatoka wapi. Mama mudogo anauza sabuni ku soko. Batoto banasoma siku moja, siku mbili hapana. Nimefurahi kusikia mama yako anakula. Umusalimie sana.

Usiogope physique. Laboratoire iko ku nyumba ya kila mwanafunzi, pale ku mafiga. Sheria yangu ni moja tu: kuona mbele, kuandika yenye uliona, kusema sababu mwisho. Mutu mwenye anaanza na sababu, macho yake inafunga.

Anza na maharagi. Mbona ku Butembo inachelewa na ku Beni inaiva mbio? Ku soko banasema kuni ya Beni ni kali. Hapana. Sisi tuko juu ya mulima, hewa yenye iko juu ya chungu yetu ni haba, haikandamize maji sana, donc maji yetu inachemka mbele ya kupata moto ya kweli. Inaruka-ruka na kupiga kelele kama mutu mukubwa, kumbe joto yake ni kidogo. Ku Beni muko chini, hewa inakandamiza, maji inakawia kuchemka, na ikichemka ni moto. Mimi nimepika jana, saa mbele ya macho: saa mbili na dakika kumi na tano. Mama mudogo alifikiri nimekuwa mugonjwa. Pika wewe sasa, tulinganishe.

Kisha uchukue jembe. Asubui, banafunzi bashike chuma yake na mupini yake. Chuma ni baridi, muti hapana. Na bililala mu nyumba moja. Ubaache bapigane na hii siku mbili mbele ya kubasaidia.

Ile neno ingine, ya mama yako, tuiachie kidogo. Barabara haiko muzuri, na muda nayo ni dawa.

Ni mimi baba mudogo na mwalimu wako,
Siméon


Beni, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2000

Baba mudogo,

Wasingya sana, aksanti. Blaise alisimamishwa ku barrière ya basoda siku tisa na maharagi ikaanza kuota mu mifuko, lakini barua yako haikulowana. Mama amepona kabisa. Binti wa jirani yetu ameolewa, tulikula mbuzi, huko Butembo mungekuwa na wivu.

Maharagi yetu: saa moja na dakika makumi ine. Bijana balikataa kukaribia chungu, eti ni kazi ya bamama. Nikabaambia hii ni physique, bakapigania kushika mwiko. Mama alikuwa anaangalia toka ku mulango. Akasema: "Donc miaka yote ku Butembo nilimutukana muuza kuni bure." Ni mara ya kwanza namusikia anacheka tangu mwezi wa tano.

Jembe ilibashinda siku tatu. Mwisho bakapata: baridi ni moja, lakini chuma inakimbiza joto ya mukono mbio, na muti inaiacha pale pale. Nikasikia kiburi kidogo, nisikufiche. Halafu binti moja, Ornella, akainua mukono: "Mwalimu, kama chuma inapitisha joto mbio vile, inapitisha na moto ya radi?" Darasa yote ikageuka kuniangalia.

Baba mudogo, banajua. Kuko mama moja wa Butembo anauza chumvi ku soko ya hapa, ni yeye alileta habari. Batoto banaita nyumba yetu Kwa Radi. Bazazi babili bametosha batoto babo mu darasa yangu. Na mukubwa wa masomo ameniambia na adabu yote kama maneno ikiendelea, ataweka mutu mwingine fasi yangu. Nilisikia haya mbele ya Ornella, haya ya kutojua kujibu, na haya ingine yenye sina jina yake, juu ni haya ya mama yangu mwenye hakufanya kitu.

Unitumie somo ya radi. Na hukunijibu: anaweza kurudi?

Florentine


Butembo, tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 2000

Mutoto wangu,

Unisamehe kuchelewa. Kulikuwa masasi ya bunduki juma nzima upande wa barabara ya Lubero, tulilala mu mashamba siku ine, masomo ikafunga. Noeli ilipita bila kengele. Mama mudogo anakohoa, ni ile baridi ya mu mashamba. Mutoto wetu Luc amepata sakramenti ya kipaimara, nguo aliazima.

Nimefurahi juu ya jembe. Huyu Ornella, umuchunge, ni mwanafunzi wa kweli. Mais radi, Florentine, ni somo ya mwaka ya tano. Inaomba électricité, inaomba hesabu. Ukibapa badogo, utabachanganya kichwa. Chukua sauti kwanza. Banafunzi bapande kilima, mutu moja apasue kuni upande ingine ya bonde. Bataona shoka inaanguka, na sauti itakuya nyuma. Baandike. Hii itakutosha mupaka Pasaka.

Juu ya mama yako: bazee bangali na uchungu. Séphora, mujane wa Zorobabel, akipita mbele ya ile shamba anatema mate. Si wakati. Sikio haipite kichwa, mutoto wangu, utuachie sisi bakubwa.

Natuma biazi ya Lubero, kifuko kidogo. Ni ya mama yako.

Baba mudogo na mwalimu wako,
Siméon


Beni, tarehe 21 mwezi wa kwanza 2001

Baba mudogo,

Mwaka mupya ikuwe ya amani kwenu. Pole kwa mama mudogo, anywe maji ya tangawizi. Biazi ilifika. Mama alipika yote siku moja, akapeleka kwa majirani. Bamoja balipokea, bengine balisema bameshiba.

Tulipanda kilima. Batoto baliona shoka, kisha bakasikia. Mimi sikusema neno. Ornella njo alisema: "Ni kama radi, mwangaza mbele, ngurumo nyuma." Donc ulinikimbiza toka kwa radi, na somo yako mwenyewe ikanirudisha kwa radi. Najua sikio haipite kichwa. Lakini inasikia.

Kwa hiyo nilifanya vile ulinifundisha: kuona, kuandika, sababu mwisho. Nilimuikalisha mama chini, nikamuuliza aliona nini ile siku. Si batu balisema nini, macho yake iliona nini. Naandika majibu yake.

Siku tatu mbele, mbuzi ya Zorobabel ilikula maharagi yake, na alimwambia mbele ya batu: "Mwenye iko juu atakulipa." Anasema ni kweli alisema, na mbuzi ikirudi atasema tena.

Ile mangaribi mvua ilikuwa bado, mawingu tu, nyeusi. Radi ikapiga karatusi kubwa nyuma ya kyaghanda. Kesho yake aliona muti umechunwa ngozi toka juu, lakini alama haikufika chini. Ilisimama katikati. Na pale pale ilisimama, zamani kulikuwa singa ya shaba, waya murefu, ndege ilikuwa inaikala juu yake, inatoka ku muti na kuingia mu dirisha ya kyaghanda. Ile asubui singa haikuwa tena.

Mwanamuke haingie mu kyaghanda. Mama hajue ile singa iliishia wapi mule ndani. Wewe unaingia. Iliishia wapi, na ni nani aliitosha ku muti?

Florentine


Beni, tarehe 11 mwezi wa pili 2001

Baba mudogo,

Salamu kwa bote. Blaise anasema alikupa barua yangu mu mukono. Anasema uliisoma umesimama, ukaingia mu nyumba, ukamuacha inje bila hata maji ya kunywa. Hii si tabia yako.

Mama anakusalimia. Tunangoja.

Florentine


Butembo, tarehe 4 mwezi wa tatu 2001

Florentine,

Tuko bazima. Siweze kuandika salamu mirefu leo. Hii barua nimeianza mara saba.

Singa ni yangu. Ni mimi niliifunga mu karatusi, ikuwe antenne ya poste, ile redio ya kyaghanda, juu bazee balitaka kusikia habari ya vita, basoda gani banakuya na kwa barabara gani. Iliingia mu dirisha na kuishia ku poste. Ile mangaribi sauti ilikuwa inakufa-kufa. Mutu akishika singa na mukono, sauti inarudi, ni kitu nilikuwa naonyesha banafunzi bacheke. Nilikuwa naishika mimi. Mukono ukachoka. Zorobabel alikuwa ameikala ubavuni yangu, nikamwambia: "Shika kidogo." Akashika. Nikainuka kutafuta kuni ya kuongeza mu moto. Nilikuwa ku mulango wakati ilipiga.

Mawingu niliiona. Miaka makumi mbili nafundisha batoto basisimame chini ya muti wakati ya radi, na mimi niliingiza muti mu nyumba na kuuweka mu mukono ya mutu.

Nilitosha singa jua mbele ya kutoka. Nikasema ni heshima ya marehemu. Bote baliijua ile singa, miezi tatu balipita chini yake, na hakuna mwenye aliuliza juu yake, kwabo ilikuwa kitu ya kuleta sauti tu. Baliuliza kitu ingine. Muzee Eliezer, mukubwa wa kyaghanda, alinigeukia mbele ya bote: "Mwalimu, wewe ulisoma. Mutu anaweza kutuma radi?" Bakaningoja. Neno moja ingetosha. Nikasema: "Masomo haijue yote."

Njo hiyo. Bakatoka na mapanga, bakaenda kwa ndizi ya mama yako, na mimi nikabaki naota moto. Niliogopa ndugu za Zorobabel. Lakini kupita hiyo, niliogopa kuitwa mwalimu mwenye somo yake iliua mutu. Kila siku naingia mu darasa, banafunzi banasimama, banasema bonjour monsieur, na mimi nasikia kama banazomea.

Yenye nilikuandikia, eti muda ni dawa, eti si wakati, eti bazee bangali na uchungu, ilikuwa uongo. Sikubauliza hata siku moja.

Jana mangaribi nilisema yote mu kyaghanda, nimesimama. Hakuna mwenye aliongeza kuni, moto ikakuwa makaa. Mwisho Eliezer akataja mama yako: "Berthe arudi. Tutachinja mbuzi, maneno iishe." Donc jibu ya swali yako ni ndiyo. Umwambie mama yako. Mimi sina uso ya kumuandikia.

Siméon, baba mudogo wako kama ungali unataka


Beni, tarehe 19 mwezi wa tatu 2001

Baba mudogo,

Tuko bazima, na tumesikia kikohozi ya mama mudogo imepungua, tunashukuru Mungu.

Barua yako niliisoma peke yangu mara mbili, kisha nikamusomea mama yote, hata ile ya singa mu mukono ya Zorobabel. Wewe njo ulinifundisha kusoma wakati papa alikufa. Nililia, nikakukasirikia, na ningali nakukasirikia. Mwaka moja karibu mama analala ku mukeka yangu, na wewe unanitumia biazi.

Yeye hakulia. Aliuliza: "Alisemea wapi?" Nikamwambia, mu kyaghanda. "Kulikuwa ba nani?" Banaume, bazee kama kumi. Akaendelea kuchambua majani ya sombe mupaka ikaisha, akanawa mikono, kisha akaniambia niandike hivi:

"Shemeji Siméon. Mapanga ilitoka mu kyaghanda, ni kweli. Lakini matope nilitupiwa ku chemchem, na banamuke benye tulizaa wakati moja, benye nilibabebea batoto. Jina ya mulozi niliitiwa na batoto, toka kwangu mupaka ku barabara kubwa, na bamoja balikuwa na uniforme ya masomo yako. Sasa umesema mu masikio ya banaume kumi, mu nyumba fasi mwanamuke haingie. Hiyo ni kusema, ao ni kuficha tena? Mbuzi yenu muikule. Mimi nitarudi siku utasema mbele ya bale bote bengine, na mimi niko pale nasikia."

Ni yeye amesema, sikuongeza chumvi. Mimi naongeza moja tu. Uliniambia radi ni somo ya mwaka ya tano. Wewe unafundisha mwaka ya tano.

Florentine


Butembo, tarehe 13 mwezi wa tano 2001

Mutoto wangu Florentine,

Mama yako alifika salama siku ya ine ya hii juma na Blaise, barrière zilikuwa mbili tu. Amekonda, lakini alishuka mu kamyo bila kushikwa mukono. Alikataa kulala kwetu. Analala kwa Zacharie katekista mupaka nyumba yake isimame, miti nimeisha kukata. Mama mudogo alimupelekea fufu, akapokea. Mimi nilimupelekea kuni, akaniambia niweke chini.

Siku ya tano asubui nilienda ku chemchem, ile saa bamama banateka maji. Mwanaume hasimame pale ile saa. Balicheka mbele, balifikiri nimepotea. Nikasema yote, singa na mawingu na mukono na yale maneno tatu ya kyaghanda. Mama yako alikuwa kati yabo na bidon yake. Séphora hakuwa pale. Tangu bwana yake afe anateka maji peke yake, saa ingine. Mama moja aliinua bidon yake bila kujaza, akaenda. Bengine baliangalia miguu yabo. Hakuna mwenye aliomba musamaha kwa mama yako. Moja tu alimusogezea fasi mbele ya maji.

Jana, siku ya sita, ile ya posho, ilikuwa zamu ya mwaka ya tano. Kiti ya mama yako niliweka mbele, karibu na tableau. Nikaandika: Radi. Nikachora karatusi, singa, dirisha, poste. Nikabaeleza vile moto ya mawingu inatafuta njia ya kushuka, na vile shaba ni njia muzuri kupita muti. Hii nilisema muzuri, nimeisema miaka mingi.

Mu ile darasa kuko Sagesse, binti wa kwanza wa Zorobabel. Mbele ya kuanza nilimuuliza kama anataka kubaki inje. Alisema ataingia.

Nikafika ku mukono. Nikasema: "Singa ilikuwa ya mwalimu. Mwalimu aliona mawingu. Mwalimu alimupa Zorobabel singa mu mukono. Kisha mwalimu akanyamaza, na batu bakafukuza mama mwenye hakufanya kitu." Nilisema mbio, kichwa chini, vile mutu anavuka barabara mbele ya kamyo.

Sagesse akainua mukono. Niliwaza atanitukana, na nilikuwa tayari. Akasema: "Mwalimu, umesema mbio sana. Urudilie polepole. Naandikia mama yangu."

Florentine, dictée nimefanya mingi mu maisha yangu. Nikarudilia neno kwa neno, mimi nimesimama, yeye anaandika, mama yako anasikia. Nikisema singa, anangojea aandike singa. Nikisema ilikuwa, anaandika ilikuwa. Pale nilisema mwalimu, akasimamisha bic.

Akauliza: "Niandike mwalimu, ao niandike jina?"

Nikamwambia aandike jina.

Siméon